Sauti Aliyoisikia Elida

Elida alikuwa na miaka saba alipougua homa ya uti wa mgongo kule Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa. Alilala siku tisa, shingo imekakamaa kama gogo, na siku ya kumi akaomba uji. Mama yake, Rozalia, alicheka mpaka akalia. Alidhani homa imeondoka mikono mitupu, kumbe imeondoka na masikio ya mtoto.

Elida mwenyewe hakujua. Alichoona ni kwamba watu wameanza kunong'ona. Majirani, watoto wenzake, hata jogoo, wote walikuwa wameshusha sauti, na yeye hakujua amewakosea nini. Zilizobaki ni ngurumo za radi na injini za boti, na mluzi mwembamba kichwani usionyamaza.

Rozalia ndiye pekee aliyegundua. Hakumwambia mtu, aliamini yatapita. Akitaka kusema na mwanawe alimshika kidevu kwanza, akamgeuza, ndipo akatamka neno polepole, na Elida akalisoma mdomoni. Walielewana hivyo miezi minne. Kisha Rozalia akashikwa na tumbo, na kabla haijapatikana boti ya kumpeleka mjini, akafa. Alichokijua kuhusu mwanawe akazikwa nacho.

Baba, Heritier, alikuwa amevuka ziwa mwaka mmoja nyuma kurudi kwao Kongo, na hakuna salamu iliyowahi kufika. Kwa hiyo dada yake Rozalia, Honorata, ndiye aliyekuja kumchukua mtoto.

Walisafiri kwa boti. Elida alikaa kati ya magunia na madumu ya mawese, akitazama milima ya kwao ikirudi nyuma. Hapo akasikia mtu akimwambia, kwa sauti safi isiyo ya kunong'ona:

"Usitazame nyuma sana. Utatapika."

Akageuka. Hapakuwa na mtoto mwingine ndani ya boti. Lakini alijua kuwa aliyesema ni msichana wa umri wake, mwenye pengo la jino, na kwamba anaitwa Shadia.

"Unakwenda wapi?" Elida akamuuliza.

"Unakokwenda wewe."

Honorata, aliyekaa mbele yake, aligeuka kuona mtoto anasema na nani. Akamwonea huruma, akadhani ni uchungu wa msiba.

Honorata hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjane mwenye vichanja vitatu vya kuanikia dagaa pale Katonga, na binti mmoja wa miaka kumi na miwili, Happiness. Alichokiamini ni kwamba mtoto aliyelelewa vizuri huitika anapoitwa. Elida aliitwa mara tatu, mara nne, na bado aliendelea kuchambua dagaa kana kwamba anayeitwa ni mwingine. Na akifungua mdomo alisema kwa nguvu, maana sauti yake mwenyewe hakuisikia.

"Unamfokea nani?" Honorata alimuuliza, na kofi likafuata. Elida hakujua kofi lile ni la nini.

Shuleni alikaa nyuma kabisa. Mwalimu wa darasa aliposoma imla, daftari la Elida lilibaki jeupe, na alipoulizwa alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu alikuwa amejifunza kuwa kukubali humaliza maneno upesi. Wenzake walimwita Zezeta. Neno hilo alilijua vizuri. Aliliona midomoni mwao kila siku.

Baada ya shule alikwenda kukaa nyuma ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa ufukweni, na Shadia akaja. Kumsikia Shadia hakukuhitaji masikio.

"Leo mwalimu amesema nini?" Elida aliuliza.

"Amesema mbuzi ana miguu sita."

"Mwongo!"

"Nimesikia mwenyewe. Minne ya kutembelea, miwili ya akiba."

Elida alicheka mpaka akashika tumbo. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa walimtazama, wakatazamana.

Ukapita mwaka hivyo, na nusu ya mwingine. Siku moja ya Novemba jirani yao, Skolastika, alikuwa na haraka ya kuwahi soko la Mwanga, kule mjini. Mtoto wake wa miaka miwili, Samson, alikuwa akichezea mchanga karibu na ule mtumbwi. Skolastika alimwona Elida amekaa pale, akampazia sauti huku akitembea:

"Elida, mwangalie mdogo wako, narudi sasa hivi!"

Elida alikuwa amempa mgongo. Hakuona mdomo wala hakuona mtoto. Alikuwa anamsikiliza Shadia.

Samson aliyafuata maji. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu walimwona akidondoka, wakapiga kelele, na mmoja wao akakimbia. Walimtoa akiwa amelegea, macho meupe. Walimgeuza na kumbinya mpaka akatapika maji, akalia. Muda wote huo, hatua kumi tu kutoka hapo, Elida alikuwa anacheka.

Hilo ndilo lililosemwa Katonga nzima: mtoto alikuwa anazama, na yule alikuwa anacheka.

"Ulikuwa unacheka na nani?" Honorata alimshika mabega, uso kwa uso.

Safari hii Elida aliyasoma maneno yote. Akajibu kweli tupu. "Na Shadia."

"Shadia ndiye nani?"

"Rafiki yangu. Nyinyi hamumwoni."

Skolastika akaanza kulia upya. Kufikia jioni kila mtu alijua kuwa mtoto wa Rozalia ana pepo la ziwani.

Honorata alimpeleka Mwanga, pamoja na Happiness, kwa Mama Verediana, mwanamke aliyewaombea wagonjwa nyumbani kwake. Walikaa siku tatu kwa kufunga. Wanawake sita walimzunguka Elida, wakamwekea mikono kichwani, na Mama Verediana akamsogelea sikioni. Elida alihisi pumzi ya moto tu. Siku ya tatu aliona midomo yote ikisema neno moja: toka, toka, toka.

Happiness, aliyechoka kwa njaa, akapiga magoti mbele yake. "Sema ameondoka," akamwambia. "Sema tu, Elida, turudi nyumbani."

"Ameondoka!" Elida akapaza sauti.

Vigelegele vikapigwa. Yeye aliona ndimi tu zikicheza.

Walipofika Katonga alikimbilia nyuma ya mtumbwi. "Shadia, nilidanganya," akasema. "Nilikuwa na njaa. Nilidanganya tu." Akangoja. Mluzi wa kichwani ulikuwepo. Shadia hakuwepo. Elida alirudi pale kesho yake, na siku zote za wiki ile.

Januari shule ilipata mwalimu mgeni, Bonaventura. Wiki yake ya pili alisimama nyuma ya darasa, na ndoo ya bati ikamponyoka, ikagonga sakafu. Watoto wote waliruka isipokuwa mmoja. Aliiokota, akaidondosha tena makusudi, huku akimtazama Elida kisogoni. Jioni ile alitembea mpaka Katonga.

"Shikamoo, mama," alisema. "Huyu mtoto hasikii."

"Hasikii, mwalimu, hata ukimchapa," Honorata akajibu.

"Sisemi mkaidi, mama. Nasema masikio yake hayafanyi kazi."

Hospitalini daktari alimpima Elida, akauliza kama aliwahi kuugua sana, na Honorata akaitaja homa ya Mwamgongo. Daktari akaeleza kwamba homa ile ilikuwa imeunguza mishipa ya kusikia. Vifaa vya kusaidia havikupatikana hapo, na kwa masikio yalivyofikia, hakuahidi kuwa vingefaa kitu. Kuhusu shule ya viziwi, nafasi za mwaka ule zilikuwa zimekwisha kujaa. Alimwandika kwenye orodha ya kungoja.

Honorata alikaa kwenye benchi la nje akaangua kilio mbele ya watu. "Nimempiga miaka miwili," aliwaambia wanawake asiowajua. "Nimempiga kwa sababu ya homa."

Elida alimvuta kitenge. "Mama mkubwa, yule mama wa Mwanga alimfukuza Shadia. Mwambie amrudishe."

Honorata alirudi Mwanga kweli. Mama Verediana alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye hajui kurudisha, anajua kutoa tu.

Basi siku moja asubuhi, Honorata aliacha kazi yake, akaenda nyuma ya mtumbwi na mtoto. Akapiga magoti kwenye mchanga ili mdomo wake uonekane. "Shadia!" akaita kuelekea ziwani. "Shadia, mwanangu, rudi! Samahani!" Wavuvi waliinua vichwa. Hakujali. Aliita mpaka sauti ikakauka, kisha akamgeukia Elida.

"Amekuja?"

Elida aliutazama mtumbwi, kisha ziwa. Akatikisa kichwa kukataa.

Tangu hapo hakusema tena kwa nguvu. Kufikia Pasaka alikuwa ameacha kusema kabisa. Mwalimu Bonaventura alihamishiwa wilaya nyingine mwezi wa tano, na kutoka kwenye orodha ya kungoja hakuna aliyeita. Asubuhi Elida aligeuza dagaa upande wa pili, jua lilipokuwa kali akafunika kichwa kwa khanga, na watu waliopita walimsifia Honorata kwamba siku hizi yule mtoto ametulia.