Tatu Juu ya Mbili

Faraja alifika Mkuyuni na kinanda, spika mbili, na cheti cha muziki alichokitaja kabla hata hajamaliza salamu. Mwanaasha ndiye aliyemwita kutoka Morogoro mjini, ili ngoma ya kumtoa mwali binti yake, Hidaya, iwe ya kisasa. Baba yake Mwanaasha, Mzee Twalibu, aliyepiga ngoma hiyo miaka arobaini, hakuulizwa.

Kwenye mazoezi ya Alhamisi kijana alisikiliza, akakunja uso.

"Mzee, ngoma zenu hazielewani. Kubwa ikipiga mbili, ndogo palepale inapiga tatu. Tuziweke zote kwenye mbili, zinyooke."

Twalibu alimtazama kama kuku aliyeingia msikitini. Eti zinyooke. Mtu kafundishwa kuhesabu darasani, basi kila asichoweza kukihesabu anakiona kimepinda. Hata hakuuliza nani anacheza ipi. Jibu lilikuwa fupi: mbebaji anatembea kwa ngoma kubwa, mwali aliye mabegani kwake anatikisa mabega kwa ngoma ndogo. Hatua ya chini na mtikisiko wa juu vinapishana, ndiyo maana msichana hukaa kule juu bila kushika kitu. Twalibu alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza.

"Haya, mwalimu," alisema akiinuka. "Nyoosha."

Hidaya hakuyasikia hayo. Alikuwa bado ndani, kama desturi, na somo yake, mwanamke anayemfunda, alimfundisha mabega kwa ngoma ndogo peke yake.

Jumamosi Hashimu, mjomba wake, akambeba mabegani, msichana kapakwa mafuta anang'aa, shanga shingoni. Spika zikaanza, zote kwenye mbili. Twalibu alikuwa amekaa mbele kabisa, mahali pazuri pa kumwona Faraja akiumbuka, na moyoni alifurahi sana.

Kila Hashimu alipokanyaga, pigo lilelile lilivuta mabega ya Hidaya, na kila pigo likamrusha. Mzunguko wa kwanza aliyumba. Wa pili mabega yakampotea. Wa tatu akakikumbatia kichwa cha mjomba wake kwa mikono miwili, jambo ambalo mwali hafanyi. Vigelegele vikakatika. Mwanamke mmoja akacheka, kisha wengi.

"Huyu kafundwa na nani?"

Faraja hakuchekwa na mtu. Alikuwa anaongeza sauti.

Hidaya akaomba ashushwe. Alimaliza kuuzunguka uwanja kwa miguu, uso chini, akaenda moja kwa moja hadi kwa babu yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Ulijua nitashindwa?"

Twalibu akaanza kumweleza, mkono mmoja ukipiga mbili pajani, mwingine ukipiga tatu. Alieleza kwa upole na vizuri sana, hata mtoto wa chekechea angeelewa. Hidaya alisikiliza mpaka mwisho, mafuta na machozi vikichuruzika pamoja.

"Maneno yenyewe ndiyo hayo tu, babu? Machache hivyo?"

"Ndiyo hayo tu," akasema Twalibu.