Imeonekana

Bibi Muhuri alifika ofisi ya usajili wa silaha saa mbili na nusu asubuhi, miguu imemvimba, faili kumi na moja zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya manyunyu. Kutoka uwanja wa shabaha hadi pale ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Uwanja ulikuwa na magari mawili, yote ya kubebea watu wenye bunduki. Karatasi za bunduki zilibebwa na Bibi Muhuri.

Dirisha la usajili lilikuwa bado limefungwa. Juu yake paliandikwa kwamba hufunguliwa saa mbili kamili.

Korido ile ndefu ilikuwa na benchi moja tu, lililotumiwa na ofisi mbili: upande huu usajili, upande ule upelelezi. Siku hiyo lilikuwa limejaa watu wa msiba. Mwanamke mmoja, vidole vimechanikachanika na vumbi jeupe limekaa kwenye mistari ya viganja, alimwona anavyohamisha uzito mguu huu hadi mguu ule, akajisogeza.

"Kaa hapa, mama," alisema. "Mgongo huo si wa kusimama."

Bibi Muhuri akakaa, akashukuru, akatoa pole kabla hajajua pole ya nini. Mwanamke akamweleza. Mumewe alipigwa risasi Jumamosi saa nne asubuhi, pale wanapovunja kokoto. Gari lilikuja, watu wakashuka, wakasema kiwanja kimepata mwenyewe na ikifika saa sita wasimkute mtu. Mumewe aliomba aonyeshwe karatasi ya kiwanja. Hakutukana, hakuokota hata jiwe, ingawa mawe yalikuwa kila mahali. Aliomba karatasi tu. Alipoanguka, wenzake walimrukia aliyefyatua, bastola ikamponyoka, yeye akakimbilia garini. Gari kila mtu alilijua, lilikuwa la Mheshimiwa. Wanaume waliogopa kukutwa na bastola njiani, kwa hiyo mwanamke mwenyewe aliifunga kwenye mfuko wa saruji na kuileta hapo kwa mikono yake.

"Wameniambia nisiwe na wasiwasi," alimalizia. "Bunduki ina namba. Namba ina mtu."

Bibi Muhuri aliitikia kwa kichwa. Faili ya tisa ndani ya mfuko ule, juu ya mapaja yake, ilikuwa ya bastola ya Mheshimiwa. Ilisema kwamba Jumamosi saa nne asubuhi bastola hiyo ilikuwa uwanja wa shabaha, juu ya meza ya fundi. IMEONEKANA, ulisema muhuri chini yake. Sahihi ilikuwa yake.

Muhuri huo ndio uliompa jina. Alikuwa nao kwenye mkoba mwaka wa kumi na moja sasa, pamoja na kidau cha wino na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Silaha ikifika uwanjani, yeye huchukua kadi yake getini na kuipeleka kwa fundi wa silaha, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Yeye husoma kadi, fundi husoma chuma, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti. Zikilingana, hugonga muhuri, huandika siku na saa, hutia sahihi. Jumatatu hupeleka nakala za kadi usajili, kila moja na faili yake. Tarakimu ya sifuri huiita sufuri, na herufi ya O huiita yai, wasije wakachanganya, maana mashine ya usajili inayochapa kadi ni kuukuu na mara nyingi hupiga yai mahali pa sufuri. Kwenye chuma sufuri imekatwa kwa mstari mwembamba, haina ubishi. Basi fundi akiona kosa husema, "Wametutagia tena," naye Bibi Muhuri hucheka, husahihisha kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi pembeni. Katika miaka kumi na moja hakuna yai lililopita mbele ya meza ile.

Jumamosi ile Meneja wa uwanja aliingia kibandani kwa Bibi Muhuri, pale getini, na kadi mkononi, bila silaha. Akafunga mlango. Akamuuliza mgongo unaendeleaje, akamwita dada yangu. Mheshimiwa, alisema, alikuja akaondoka haraka, ana mambo mengi, bastola yake iko salama, imebaki muhuri tu. Bibi Muhuri alikuwa getini tangu asubuhi na hakumwona Mheshimiwa wala kivuli chake. Aliangalia kadi. Kwenye nafasi ya tatu palikuwa na yai, limekaa pale bila aibu. Mkono ukaenda kwenye kalamu nyekundu, ukarudi. Hawezi mtu kusahihisha asichokiona.

"Niandike saa ngapi?" aliuliza.

"Andika saa nne."

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini. Aliandika saa nne.

Asingeweza kusema alilazimishwa. Meneja hakupandisha hata sauti. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na huu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Wala hilo hakutajiwa, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Tena alishawahi kugonga hewa mara tatu kabla ya hapo, kwa watu wadogo zaidi, waliosahau silaha nyumbani au walioogopa mvua. Hakikutokea kitu. Kwa hiyo aligonga, na jioni fundi alipouliza mbona leo hawakusoma ya Mheshimiwa, alisema ameisoma mwenyewe. Fundi aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

Dirisha likafunguliwa. Angeweza kuiacha faili ya tisa ndani ya mfuko wa nailoni, kusema imelowa, kusema imepotea njiani. Aliyafikiria yote hayo akiwa amesimama kwenye foleni, na mwanamke wa kokoto alikuwa amemshikia nafasi yake kwenye benchi kwa kiganja. Karani akanyoosha mkono. Bibi Muhuri akampa zote kumi na moja.

Aliporudi uwanjani mchana alikuta kiti kibandani. Kiti cha magurudumu, chenye mgongo mrefu na mito. Miaka miwili alikuwa anaomba kiti chochote chenye egemeo, akijibiwa bajeti, bajeti. Alikikalia mara moja. Kilikuwa kizuri mno, na raha ile ya mgongo ndiyo iliyomfanya asimame. Tangu hapo aliweka mkoba juu ya kiti, yeye akakaa kwenye kreti lake la zamani. Meneja alipita akamtania, akamuuliza kama kiti kina miiba.

Nyumbani hakumwambia mtu. Binti yake, aliyekuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, alimuuliza mbona anaosha mikono mara kwa mara, akasema ni wino.

Alhamisi ukaja wito wa upelelezi. Meneja alimwita ofisini kabla hajatoka.

"Utaulizwa kama uliiona," alisema. "Neno lenyewe limeshaandikwa, huna haja ya kuongeza."

Bibi Muhuri alichukua mkoba wake.

"Na ukisema hukuiona, dada yangu, atakayefungwa si mimi. Mimi sikugonga."

Fundi alikuwa anamsubiri kwenye kona ya ukuta wa mchanga, mahali risasi zinapomalizikia. Alijua, pengine alijua tangu Jumamosi. Aliuliza kwanza kama kadi ina yai. Ina, alijibu. Na wino mwekundu? Haina. Fundi akavua miwani.

"Basi karatasi yenyewe imeshasema," alisema. "Waonyeshe yai. Silaha iliyopita kwenye meza yangu haiondoki na yai."

Njia nzima Bibi Muhuri aliyarudia maneno hayo. Hofu ilikuwepo, ila chini yake palikuwa na kitu alichokuwa amekikosa siku tano, kitu kama usingizi mzuri. Korido ilikuwa tupu safari hii. Mwanamke wa kokoto alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi, nguo zile zile. Alimtambua, akamsalimu kwa furaha kana kwamba ni ndugu. Alisema ameitwa kuja kusikia majibu.

Mpelelezi alikuwa kijana mwenye adabu, anayevuta kiti mtu mzima anapoingia. Bastola ilikuwa mezani, juu ya mfuko wa saruji. Ndogo kuliko alivyofikiri. Mpelelezi akaweka kadi kando yake na kuuliza kama hii ndiyo aliyoiona Jumamosi.

Bibi Muhuri alipiga moyo konde. Akaomba asome. Akasoma chuma kwanza, kwa sauti ile ile ya miaka kumi na moja: K, nne, sufuri, saba, saba, moja. Kisha kadi: K, nne, yai, saba, saba, moja. Akaeleza habari ya mashine, ya kalamu nyekundu, ya sahihi ya pembeni. Akaeleza kwamba angeiona angesahihisha.

"Sikuiona," alisema. "Niligonga tu. Meneja aliniambia niandike saa nne, nikaandika saa nne."

Mpelelezi aliiangalia kadi kwa muda mrefu. Alitoka nayo, akafunga mlango. Ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekunjuka.

"Umetusaidia sana, mama. Kwa hiyo namba hizi hazifanani."

"Ni kosa la mashine, mwanangu. Ni silaha moja."

"Zinafanana au hazifanani?"

"Hazifanani. Lakini—"

"Basi hii si ya Mheshimiwa." Alianza kuandika. "Ya Mheshimiwa uliiona wewe Jumamosi. Muhuri huu hapa."

"Nimekwambia sikuiona."

Kijana akaweka kalamu chini taratibu.

"Hilo sijaliandika. Nikiliandika nakulaza ndani leo, kwa kughushi nyaraka za silaha, na uzee wako huo. Nimeandika hili la namba. Hili ni la kitaalamu."

Bibi Muhuri aliangalia mikono yake. Wino ulikuwa umebaki kwenye mikunjo ya kidole gumba, haukuwahi kutoka.

Mpelelezi alivuta fomu mpya. Alieleza akiandika, kwa upole, kama mwalimu. Bastola hii haimo kwenye daftari la usajili. Silaha isiyo na kadi, kisheria, ni ya yule aliyekutwa nayo. Na hii haikuokotwa barabarani. Ililetwa, kuna siku, kuna saa, kuna mfuko wa saruji. Akajaza: imekutwa mikononi mwa mke wa marehemu, mvunja kokoto. Kisha akasoma namba kwa sauti, akikagua kwa kidole kwenye chuma. Alipofika nafasi ya tatu alisema sufuri, na aliiandika vizuri, akaikata kwa mstari mwembamba.

Akamgeuzia fomu.

"Hii umeiona," alisema. "Au hii nayo hukuiona?"

Aliiona. Ilikuwa mbele yake, inanuka mafuta, namba zake zote sita zinalingana na karatasi kama ambavyo hazijawahi kulingana siku zote za kazi yake. Alifungua mkoba. Muhuri ulikuwa mkavu, na mpelelezi akamsogezea kidau chake mwenyewe. Akaenda kufungua mlango, akamwambia aliye nje asubiri kidogo, anaitwa sasa hivi.

Mlango ukabaki wazi. Mwanamke wa kokoto aliinua macho, akamwona Bibi Muhuri amesimama na muhuri mkononi. Akasogea hadi mwisho wa benchi, akaweka kiganja kwenye nafasi iliyobaki, asije mtu mwingine akaikalia.