Kilomita za Jenereta

Mtaani walimwita Sentimita, na jina lilimkaa kama suruali aliyoishona mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, na hakuwahi kuamini kitu ambacho hajakipima. Mlango wa jirani ukipinda, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema umepinda kiasi gani, hata kama hakuulizwa. Ndiyo maana habari hii inauma kuisimulia. Mtu wa namna ile aliponzwa na kipimo.

Mama yake alikuwa akiishi kwa mashine. Mapafu yalikuwa yamechoka, na hospitali iliwapa mashine ya oksijeni waende nayo nyumbani, ile yenye mrija mwembamba unaoingia puani, wakaonywa isizimwe ila kwa muda mfupi sana. Nyumba ikatulia. Mama alirudia hata utani wake, akimwambia kila mgeni kwamba sasa anakula umeme na bado hanenepi. Kisha transfoma ya mtaa ikaungua. Watu wa umeme walikuja, wakaitazama wakiwa chini, wakasema mpya imeagizwa. Mtungi mdogo wa akiba uliisha upesi, na pale pa kujazia wakawa wanasema njooni kesho. Hospitali nayo wagonjwa walikuwa wanalala koridoni.

Ikabaki jenereta. Sentimita alikuwa na yake ndogo ya dizeli, aliyoitumia kushonea siku za giza, saa mbili tatu kisha inapumzika. Sasa ilikalishwa uani chini ya kipande cha bati, waya ukapitishwa dirishani kwa mama, na ikaanza kunguruma usiku na mchana. Majirani walilalamika siku ya kwanza. Walipojua inamwashia nani, walinyamaza wote, na ukimya ule wa heshima ulimtia Sentimita hofu kuliko malalamiko.

Aliyeifunga alikuwa Masizi, fundi wa injini ndogo, ambaye viganja vyake havikutakata hata siku ya harusi yake. Aliweka dumu la dizeli pembeni na mpira wake, ili mafuta yaongezwe bila kuzima. Kuhusu oili, alisema hakuna ujanja. Oili ya kawaida, namba arobaini, na kwa mwendo huu wa kutolala, wiki isipite bila kumwaga ya zamani na kutia mpya. Katikati ya wiki izimwe kidogo, kijiti kichomolewe, oili ipimwe, iongezwe kama imepungua. Injini hii haina chujio, alisema, na tumbo lake la oili ni dogo, oili yake inachoka kama mtu anayebeba mizigo peke yake.

Mara ya kwanza walipomwaga oili, dada yake Sentimita, yule mdogo wake anayemfuata, ndiye aliyekaa na mama. Walijipanga vizuri. Injini ilizimwa, beseni likawekwa chini, nati ikafunguliwa, oili ikatoka nyeusi na ya moto. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti, akipuliza pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza chai. Hivyo ndivyo alivyofundishwa hospitali. Walimwambia pia asiogope, kwa sababu hofu inakula pumzi kuliko kupanda ngazi. Alijitahidi. Lakini nati iligoma kurudi mahali pake, Masizi akahangaika nayo, na mashine ilipowaka tena midomo ya mama ilikuwa imegeuka bluu. Sentimita aliiona ile rangi. Aliifahamu, kwa maana amewahi kushona suti za rangi ile.

Tangu siku hiyo neno oili lilimkosesha usingizi. Mama huyu alikuwa amemlea peke yake, tangu baba yao alipoondoka akiwa na sanduku moja na ahadi nyingi. Kumzimia pumzi kwa mkono wake mwenyewe, hata kwa sababu njema, kulimshinda. Alimpenda mno. Na mama naye alianza kuomba. Siku ya kupima ilipofika, alimshika mkono akamwambia leo aachwe tu, amelala vibaya, wapime kesho. Kesho yake akaomba tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema wahenga. Hawakumtaja mama, lakini methali haichagui umri.

Halafu injini ikazima yenyewe siku moja mchana, bila sababu. Masizi alikuja mbio, akakuta sakafu imedidimia upande mmoja, jenereta imeinama, na sensa, kile kifaa kinachohisi kiwango cha oili, ikadhani oili imeisha. Sensa ndiyo kinga, alieleza. Ikiona oili imepungua, inaua injini kabla injini haijajiua. Aliweka matofali, akaisawazisha. Lakini mama ndani alikuwa akihema kama aliyekimbizwa, na Sentimita akasema huo waya wa sensa ukatwe.

Masizi alikataa. Kisha akatazama dirishani, akamwona mama, akakubali. Tusimlaumu sana; wengi wetu tungefanya hivyo hivyo.

"Nimekata," alisema, akifuta koleo kwenye suruali. "Lakini sikiliza, ndugu yangu. Sasa sensa ni wewe."

Sentimita aliitikia. Siku ya kumwaga oili ya wiki hiyo ilipokaribia, akaenda dukani kutafuta oili itakayomwondolea mateso yale.

Muuza vipuri alikuwa mtu mchangamfu, mwenye maneno laini kuliko bidhaa zake. Alimsikiliza, akapanda kwenye stuli, akashusha dumu la dhahabu lenye picha ya lori linalopanda mlima. Oili nzito, alisema, ya malori makubwa, haichoki haraka. Kwenye dumu paliandikwa ibadilishwe baada ya kilomita elfu kumi na tano. Sentimita alisoma mara mbili. Akauliza, kwa jenereta je? Muuza vipuri akacheka, akampiga begani.

"Jenereta yako imetembea kilomita ngapi tangu uinunue?"

Sentimita akacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu transfoma iungue. Njia nzima ya kurudi nyumbani alilibeba lile dumu kifuani, huku akipiga hesabu zake. Jenereta haitembei. Imekaa pale pale kwenye matofali. Hata ukiihesabia kilomita za huruma, elfu kumi na tano itazifikisha lini? Tena oili ilikuwa nzito, na kwake yeye uzito ulikuwa ushahidi. Miaka yote alijua kwamba uzi mzito hukaa, uzi mwembamba hukatika. Mtu akitaka sana kuamini jambo, hata kazi yake aliyoisomea utotoni itasimama kumtolea ushahidi.

Masizi alipoona lile dumu alitikisa kichwa. Alieleza kwamba lori lina chujio, lina tumbo la oili la ndoo nzima, na kilomita zake ni namna tu ya kuhesabu saa ambazo injini imefanya kazi. Hii ikikaa hapa mchana na usiku, imeshavuka mipaka ya nchi bila kuondoka uani. Sentimita alisikiliza kwa adabu. Ya zamani ilikwishamwagwa na mpya kuingia, mama akivumilia tena kwa taabu; sasa injini ilikuwa inanguruma vizuri, na mama alikuwa amelala usingizi mzuri. Sikio la kufa halisikii dawa. Masizi aliaga, akaenda kwenye kazi zake.

Wiki ikapita. Sentimita hakumwaga wala hakuchomoa kijiti, kwa sababu kukichomoa kunataka injini izimwe, na kuizima ndiko alikokukimbia. Badala yake alisikiliza. Alijiambia kwamba mtu aliyezaliwa kati ya cherehani hawezi kupitwa na sauti ya chuma. Na kila asubuhi, nakuapia, alikuwa akikaa kwenye cherehani yake, akiidondoshea mafuta tone moja hapa, tone moja pale, bila kukosa hata siku moja.

Dada yake ndiye aliyeanza kuona moshi. Zamani ulikuwa mwepesi, ukitoka na kupotea. Sasa ulikuwa na ubluu, ukibaki chini ya bati kama unamsubiri mtu. Alimwambia kaka yake kwamba injini inakula oili, inaichoma. Sentimita akasema ni oili nzito, ndivyo inavyotoa moshi. Dada akatoka kutafuta njia. Alimwendea mchomeleaji wa mtaa wa pili, mwenye jenereta kubwa ya kazi, akamwomba awaazime kwa muda mfupi tu, waya wa mama uhamishiwe kwenye hiyo, ya nyumbani izimwe na kumwagwa oili kwa nafasi. Mchomeleaji alikubali bila maneno mengi. Alikuwa na geti la kumalizia. Akilimaliza ataileta kwa mkokoteni.

Habari ile ilimfurahisha Sentimita, na hapo ndipo ilipomharibu. Sasa alikuwa na sababu halali ya kungoja. Kwa nini amtese mama leo, na jenereta ya mchomeleaji inakuja? Geti likachelewa. Mwenye geti alibadili mapambo, akakataa maua akataka nyota. Sentimita akangoja. Sauti uani ikaanza kuwa nene, na ndani yake mkawa na mlio mdogo wa kugonga, tik, tik, kama sindano inayogonga bamba. Fundi cherehani yeyote anaijua sauti ile, na anajua kwamba ukiisikia unaondoa mguu kwenye kanyagio papo hapo. Aliisikia. Alisimama, akaenda hadi kwenye jenereta, akanyoosha mkono kwenye swichi.

Dirishani mama alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, uso umepumzika.

Akarudisha mkono.

Usiku ule alilala uani, juu ya jamvi, sikio likiwa upande wa injini. Alikuwa anaogopa, na alijua anaogopa nini, lakini aliendelea kuhesabu muda kwa geti la mtu mwingine. Kulipokucha dada yake alimtazama, akasema neno moja tu.

"Kaka, izime."

Alimjibu kwamba mchomeleaji ameahidi leo. Dada akachukua khanga yake, akasema basi anakwenda kumleta, na geti likae bila nyota. Alipofika alikuta karakana imefungwa. Mchomeleaji na jenereta yake walikuwa wamekwenda kulifunga geti kwa mwenyewe, na aliyekuwepo hakujua vizuri ni nyumba ipi. Alirudi kuyasema hayo mlangoni, akihema, na alikuwa hajamaliza sentensi.

Uani kukasikika kitu kama meno yanayosagana. Kisha jenereta ikasimama.

Hakuna aliyesogea kwanza. Kelele ile walikuwa wameizoea kiasi kwamba ilipokoma, kila kitu kingine kilianza kusikika: kuku wa jirani, bomba linalovuja, redio ya mtu mbali. Sentimita alishika kamba ya kuwashia akavuta. Kamba haikuja hata kidogo. Akaweka mguu kwenye injini, akavuta kwa mgongo mzima, ikawa kama anavuta mzizi. Chuma kilikuwa cha moto hata bila kukigusa, na harufu ilikuwa ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Alichomoa kijiti. Kilitoka kikavu, na nchani palikuwa na utando mweusi wenye kunata.

Dada alikitazama kile kijiti. Hakumlaumu, na baadaye Sentimita angetamani kama angemlaumu. Alijifunga khanga kiunoni akatoka mbio kulitafuta geti lenye nyota, na viatu vyake vikabaki mlangoni.

"Umeanza kumwaga oili, baba?"

Ilikuwa sauti ya mama, kutoka dirishani. Alimwita mwanawe baba tangu akiwa mtoto mdogo, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mwingine wa kuitwa hivyo. Sentimita alisogea. Mama alikuwa ameshajiinua mwenyewe, amekaa ukingoni mwa kitanda, viganja juu ya magoti. Alikuwa amebana midomo na ameanza kujigawia pumzi, ndogo ndogo, za kumfikisha mahali anapopajua. Hakuwa na hofu. Alikuwa anamwamini mwanawe, na muda mfupi aliokwisha kuuvumilia mara mbili, angeuvumilia na mara ya tatu.

Sentimita alitaka kuingia ndani, amshike, amwambie. Akakumbuka walichosema hospitali kuhusu hofu. Akiingia na mikono mitupu, mama atajua, na akijua, hizo pumzi alizojigawia hazitafika hata nusu ya njia.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ndiyo naanza."

"Fanya haraka."

Akarudi kwenye injini, akapiga magoti mbele yake. Aliokota spana, akaanza kugonga, si kwa nguvu, kama fundi anayelegeza nati iliyokaza, ili mama asikie kwamba kazi inaendelea. Alivuta beseni, akaliburuza sakafuni kwa kelele, akarudi kugonga. Mlango wa uani ulikuwa wazi, na barabara mbele yake ilikuwa tupu. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta, kwa sababu mkono ukiacha kugonga mama angeuliza kuna nini.

Baadaye kidogo mama aliuliza kama amekaribia kumaliza. Sentimita akamjibu kwamba amekaribia, akaendelea kugonga.