Mtu wa Kundi la Kwanza

Kreszenz Falkner, ambaye kijiji kizima cha Hinterau kilimwita Zenzi, alikuwa na dharau ya kumtosha kila mtu, na Desemba ilipoingia aliigawa bila choyo. Duka lake la skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, lilikuwa mguuni pa lifti ya viti inayopandisha watu mlimani, kwa hiyo hakuna aliyepanda mlima bila kupita mbele ya ulimi wake.

Asubuhi hiyo alianza na Mjerumani mmoja kutoka Kassel, mtu mwenye tumbo la heshima, aliyetaka vibano vyake virekebishwe. Kibano ndicho kinachokishika kiatu kwenye skii, na ndicho kinachopaswa kukiachia mtu anapoanguka. Kisipoachia kibano, goti ndilo linaloachia. Ili kujua kikazwe kiasi gani, lazima mtu ataje uzito wake, umri wake, na kundi lake. Kundi la kwanza ni la wanaoshuka taratibu na kwa hadhari. La pili ni la watu wa katikati. La tatu ni la wanaoshuka kama wanafukuzwa. Kwenye uzito Mjerumani alidanganya, mkewe akaangalia dari. Kwenye kundi alisema kweli.

"La kwanza," alisema.

"La kwanza!" Zenzi akarudia, sauti ikafika hadi kwenye rafu za glavu. "Haya bwana, tutakulegezea. Ila usipige chafya huko juu, skii zitakutoka."

Mjerumani alicheka, maana hakujua kwamba anachekwa. Alipotoka tu, Zenzi akamgeukia Kassian, binamu wa mumewe, aliyekuwa akishinda hapo dukani kila siku kwa kisingizio cha kuota moto.

"Umemwona huyo? Huyo hahitaji skii. Mpe sinia alikalie, ateremke nalo."

"Sinia gani litamtosha, shemeji?"

Wakacheka mpaka Kassian akakohoa.

Hapo Hinterau mzaliwa wa kijiji hatamki kundi la kwanza. Hata la pili halitamki. Mzee anayegonga kengele za kanisa, mwenye nyonga mbili za chuma, husema "la tatu" bila kupepesa macho, na paroko husema vivyo hivyo, na hakuna anayemwuliza kama hilo ataliungama. Zenzi huwaitikia wote, kisha akiingia karakana huwalegezea mwenyewe kimyakimya, maana hataki kuwazika. Akitoka huwacheka. Lakini kwa watu wake wa nyumbani hakulegeza kitu. Aliamini kwa dhati kwamba damu ya Falkner ni ya kundi la tatu, na aliyelegea hakuwa wa kwao.

Siku hiyo, pamoja na mdomo wote huo, moyo wake ulijaa furaha. Jumamosi mlima ungefunguliwa, na binti yake Afra, aliyekatika ukano wa goti majira ya baridi yaliyopita, akapasuliwa mjini Innsbruck na kutembelea magongo hadi maua ya mitofaa yakaisha kijijini, alikuwa amesema atapanda. Zenzi hakutaka kitu kingine mwaka ule. Alitaka kukaa naye kwenye kiti cha lifti, bega kwa bega, na kushuka nyuma yake akiuangalia mgongo wake. Alikuwa amemngoja kwa hamu ambayo hakumwambia mtu, kwa sababu angeanza mwenyewe kujicheka.

Alikuwa amemnunulia skii mpya, pana kiasi, zile za kwenda popote mlimani, kwenye njia zilizosawazishwa na kwenye theluji ya unga pia. Zilikuwa hazijatobolewa bado matundu ya kufungia vibano. Na kuzitoboa, Zenzi alikuwa ameapa, angezitoboa yeye.

Mumewe Korbinian hakuruhusiwa hata kuzigusa. Korbinian alikuwa amewahi kushindana kwa skii ujanani, akamaliza katikati ya orodha siku ya ukungu wakati nusu ya wenzake wamepotea njia, na tangu hapo alikaza vibano vyake mwenyewe kiasi ambacho hata tingatinga lisingevitoa. Ndiye aliyeweka vibano vya zamani vya Afra. Siku Afra alipoanguka skii haikutoka, na walipoiteremsha mlimani Zenzi aliitazama namba ya ukazaji kwenye kidirisha cha kibano, akaona iko juu mno, akajua wa kulaumiwa. Hakuuliza. Tangu Pasaka Korbinian alilala kwenye chumba kidogo juu ya karakana, na mezani Zenzi alimwita "bingwa", akimpakulia supu.

"Bingwa anataka chumvi? Mpe chumvi bingwa, asije akavunja na meza."

Korbinian alikula, akashukuru, akapanda ngazi. Hilo lilizidi kumkera Zenzi. Mwanamume mwenye haya angejitetea.

Baada ya chakula cha mchana Afra aliingia karakana na kiatu chake mkononi. Kassian alimfuata ili asipitwe na jambo. Korbinian alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, mguu mmoja ndani, mwingine nje, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa.

Zenzi alikuwa ameshazifunga skii kwenye meza ya kazi na kuweka vibano pembeni: vyeusi, vizito, vya chuma zaidi kuliko plastiki.

"Hivyo vinaanzia namba sita," Korbinian alisema kwa upole. "Kwenye rafu kuna vile vyepesi, vinaanzia tatu. Na upana wa breki zake unalingana na skii hizi."

Zenzi aliweka chini bisibisi.

"Jamani, msikieni. Leo bingwa amekuwa mwoga. Mwaka jana ulikuwa wapi na hivyo vyepesi? Umeshamvunja mtoto, ndiyo unakuja kwa sauti ya muuguzi?"

"Nimesema tu, Zenzi."

"Usiseme. Kunywa kahawa yako."

Kassian alitikisa kichwa kwa raha. Zenzi alishika kiatu cha Afra, akakiweka juu ya skii, akakitelezesha. Ubavuni mwa kiatu kuna alama ya katikati ya soli, na juu ya skii kuna mstari ambapo waliotengeneza wanasema alama hiyo ikae. Ukikipeleka mbele kidogo, skii inageuka kwa wepesi. Ukikirudisha nyuma, pua inaelea vizuri kwenye theluji nene, lakini lazima mtu awe na mapaja na ubishi wa kuigeuza. Zenzi alikirudisha nyuma, zaidi ya upana wa kidole.

"Mama, weka kwenye mstari," Afra alisema.

"Mstari ni wa watalii wa Kiholanzi. Wewe utashuka nami bonde la nyuma, kwenye unga mpaka kiunoni."

"Goti langu ndiyo kwanza linapona."

"Ndiyo maana nakufunga imara. Vibano vya kulegalega ndivyo vinavyoua watu. Skii inatoka katikati ya kona, unabaki na mguu mmoja kama korongo."

Akaweka kiolezo cha chuma cha kuongoza matundu juu ya skii, akakirefusha kulingana na soli ya kiatu, akakaza. Kisha akachukua keekee. Skii ikishatobolewa imetobolewa; huwezi kuhamisha tundu kwa nafasi ndogo ya kidole, maana matundu yakikaribiana skrubu hazishiki, na skii ya thamani inageuka ubao wa kuanikia viatu. Kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Uzito naujua, umri naujua, nilikuwepo," Zenzi alisema, akiitazama ncha ya keekee. "Kundi la tatu."

"La kwanza," Afra alisema.

Kassian alicheka kwanza. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyepewa zawadi.

"La kwanza! Shemeji, mletee lile sinia!"

Zenzi naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakifikiria, na maneno yakafuata yenyewe, kama yalivyomfuata maisha yake yote.

"Afra Falkner wa kundi la kwanza! Nikuitie na yule mnene wa Kassel, mshikane mikono?"

Afra hakucheka. Alinyoosha mkono, akachomoa waya wa keekee ukutani.

"Unajua nani alikaza vile vibano vya mwaka jana?" aliuliza.

"Najua. Kijiji kizima kinajua. Amesimama pale na kahawa."

"Ni mimi."

Zenzi alimtazama binti yake, kisha akatazama mlangoni. Korbinian alikuwa akichungulia ndani ya kikombe.

"Afra, acha," Korbinian alisema.

"Siachi, Baba. Nimeacha vya kutosha." Akamgeukia mama yake. "Baba aliniwekea sawasawa. Unakumbuka ile Jumapili skii ilinitoka chini ya kibanda cha chai cha juu mlimani, mbele ya watu? Nilianguka vizuri, sikuumia hata ukucha. Wewe ulisimama pale na kikombe chako cha chai iliyotiwa rum, ukapaza sauti: 'Mchukueni huyo mtalii, amedondosha skii yake!' Kibanda kizima kikacheka. Usiku mezani ukarudia. Kesho yake asubuhi, kwa wateja, ukarudia tena. Basi nikachukua bisibisi, nikakaza. Nikakaza mpaka nikaona sasa haitatoka tena hata iweje. Na kweli haikutoka."

Kassian aligundua kwamba ana shughuli mahali fulani, akapita kando ya Korbinian bila kumwangalia mtu, akaenda.

Zenzi alihisi uso unamwaka. Alimrukia aliyekuwa rahisi kumrukia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua," Korbinian alisema. "Namba niliyoweka naikumbuka. Niliiona ile nyingine walipoiteremsha skii, kama ulivyoiona wewe."

"Mwaka mzima unakaa kimya kama gogo! Nakutukana unakula supu! Kwa nini hukuniambia?"

Korbinian alifikiri. Hakuwa mwepesi wa maneno, na hapo nyumbani hakuwahi kupewa nafasi ya kujifunza.

"Ungemcheka," alisema. "Alikuwa amelala na goti limevimba hivi. Nikaona bora unicheke mimi, nimeshazoea."

Zenzi alifungua mdomo. Yalimjia, kama kawaida: neno la kumwita bingwa, neno la kumwita mtakatifu wa karakana, neno kuhusu supu. Yote yalikuwa tayari na yote yalikuwa makali. Aliyameza moja moja, na yalimkwaruza. Aliona aibu, aibu nzito isiyokuwa na mzaha ndani yake, na hakujua mtu huiweka wapi.

Akaenda kwenye rafu. Akachukua vile vibano vyepesi, vinavyoanzia tatu. Akalegeza kiolezo, akakisogeza kiatu mpaka alama yake ikakaa juu ya mstari kamili, akamwangalia Afra.

"Hapo?"

"Mbele kidogo. Kidogo tu. Nataka zigeuke bila kunilazimisha."

Zenzi alisogeza. Alirudisha waya ukutani mwenyewe, akatoboa, akafuta vumbi, akatia gundi, akafunga skrubu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye namba alipiga hesabu kwa kundi la kwanza, akaizungusha chini, akasita, akaacha palepale. Mikono yake ilifanya kazi safi, kama siku zote, na hilo halikumpa faraja yoyote.

Afra alivaa viatu, akabana kimoja kwenye skii juu ya zulia la karakana. Korbinian aliweka kikombe chini, akaja akamshika viwiko. Afra akasukuma goti ndani na kuuzungusha mguu, polepole, uso umekunjwa kwa hofu ambayo mama yake hakuwa amewahi kuiona, au alikuwa ameiona na kuiita jina lingine. Kibano kikalia, kiatu kikatoka. Afra akapepesuka kifuani kwa baba yake, akashusha pumzi.

"Kimeachia," alisema.

"Kimeachia vizuri," alisema Korbinian.

Zenzi alikusanya vipande vya plastiki vilivyotapikwa na matundu, akavitupa. Alitafuta swali la kawaida, la mtu yeyote kumwuliza mtu yeyote.

"Basi Jumamosi tunapanda na lifti ya kwanza? Nitafunga mkate na nyama ya kukausha. Tukae kiti kimoja wote watatu."

Afra alikuwa ameinama akifungua viatu. Alichukua muda mrefu na kifungo kimoja kuliko kilivyohitaji.

"Mimi na Baba tutapanda," alisema. "Wewe usije Mama. Siyo siku hiyo. Nitaanguka, najua nitaanguka, na sitaki kusikiliza."

"Sitasema kitu."

"Najua hutasema. Lakini nitakuwa nakungoja useme."

Akazibeba skii begani na kutoka. Korbinian alichukua kikombe chake, akasimama kidogo mlangoni kama anayetaka kuongeza jambo la kumpunguzia mkewe, asilipate, naye akatoka.

Jumamosi theluji ilikuwa ya unga na anga jeupe. Zenzi alifungua duka mapema. Kupitia kioo aliwaona wakipanda kwenye kiti, Afra upande wa ndani, baba yake akiwa amemshikia fimbo zake za skii, na kiti kikawanyanyua. Watu walikuwa wamejaa dukani wakisubiri kuhudumiwa, na Kassian alikuwa kwenye kiti chake karibu na moto akimtazama shemeji yake, akingoja aanze kuwacheka watu.