Franjipani Kwenye Maharage ya Concessa

Mama yangu ana miaka sabini na sita, meno yake karibu yote yapo, na akishasema neno halirudi nyuma. Kwa hiyo Jumapili ile ya Septemba, aliposimama mlangoni kwangu hapa Muganza akatangaza sharti lake mbele ya mume wangu, nilijua hakuna wa kumbembeleza.

"Hii muti ikishika mbele ya Noeli, miye nabaki," alisema. "Isiposhika, nafunga biloko yangu, navuka mpaka pale Rusizi II, narudi Bukavu. Na musinifuate."

Jina lake ni Mukandayisenga, lakini watu wote humwita Koko, kama wanavyowaita bibi kule Bukavu. Kule ndiko alikotulea, na kule ndiko tulikomtoa siku mbili kabla ya siku hiyo, kwa sababu alikuwa amebaki peke yake nyumbani na mimi nilikuwa nalala vibaya nikimfikiria. Alikubali kuja, ila hakuja mikono mitupu. Alikata matawi mawili ya mfranjipani uliokuwa mbele ya mlango wake, akayafunga ndani ya kitenge pamoja na mwavuli. Mti ule mimi naujua. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naokota maua yake meupe yenye njano katikati, nayachomeka kwenye nywele, na harufu yake iliingia mpaka kwenye mashuka. Kiangazi kikipiga miezi mitatu, majani yote yalianguka, mgeni akadhani umekufa. Mvua ikirudi, nao unarudi.

Sasa nikiri jambo langu. Nilimtaka mama yangu abaki. Nilimtaka mno, na kwa ajili hiyo nilikuwa tayari kugombana na mti wowote ule.

"Usikie, Gaudiose," aliniambia akinionyesha pale alipokata, panapotoka utomvu mweupe. "Hii njo maziwa yake. Uiweke kwenye kivuli wiki mbili, ikauke. Kisha uipande mahali pa majiwe. Usiipatie maji. Itaoza."

Nilimsikia. Masikio ninayo. Lakini mimi ni mkulima wa mpunga. Hapa tambarare ya Bugarama ukitaka kitu kiote unakipa maji, na kikisitasita unakiongezea. Tangu niolewe sijaona kitu kilichokufa shambani kwangu kwa kunywa. Wiki mbili za kungoja? Noeli ilikuwa inakuja! Nikachukua tawi moja siku hiyohiyo, nikachimba shimo zuri karibu na jiko, nikaweka mbolea ya ng'ombe, nikapanda, nikamwaga nusu kidumu. Mama aliniangalia kutoka kwenye kiti chake, akatikisa kichwa. Tawi la pili alilichukua mwenyewe, akaliegemeza nyuma ya jiko, kando ya rundo la fito za mikaratusi za mume wangu, likauke kwa utaratibu wake.

"Tutaona," alisema.

Tawi la pili halikukaa siku kumi na mbili. Asubuhi moja mama alizunguka nyuma ya jiko, akarudi akiuliza liko wapi. Tulitafuta kila mahali. Nilimshuku Ndizeye, mume wangu, kwamba amelichoma. Alikuwa ametoka zamu kiwandani, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, akaapa kwa watakatifu wote anaowajua na wawili ambao nadhani aliwatunga. Siku iliyotangulia dada yake Concessa alikuwa ameteremka kutoka Butare, kule milimani juu yetu, kutusalimia, na yeye hakuona kitu, alikuwa amejitwisha mzigo wake wa fito akiwahi kurudi. Basi tukabaki na tawi moja, langu.

Nikalitunza kwa moyo wote. Asubuhi nusu kidumu, jioni nusu kidumu. Mvua ikinyesha, namwagilia kidogo tu, kwa heshima. Ndizeye alikuwa anacheka.

"Weye unanyeshesha hata vitu vyenye haviombe," alisema.

Na mama nilimtunza hivyohivyo. Nisidanganye: hakukuwa na mama aliyetunzwa Muganza nzima kama wangu. Akiinuka kuchukua ufagio, namnyang'anya. Akitaka kumenya viazi, "Maman, keti." Akitaka kunifuata shambani kupalilia, "Maman, jua kali." Nilimnunulia kiti cha plastiki chenye mikono, nikamwekea mto, nikampelekea chai. Majirani walinisifu. Mama alikaa pale akiwatazama kuku, na kila wiki aliongea maneno machache kuliko wiki iliyopita, na yenye kukatisha tamaa zaidi. Nikajua anaumwa na hamu ya mti wake. Nikaongeza maji.

Jumapili ya nne ya Majilio, tulipotoka misa, mama alikwenda moja kwa moja kwenye tawi langu. Alilishika kwa vidole viwili akalivuta. Likatoka bila kubisha. Chini lilikuwa jeusi, laini, linanuka vibaya.

"Supu," alisema.

Nililia. Sikujificha, nililia palepale na nguo zangu za misa, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja. Mama alinipapasa bega, kwa upole kabisa, halafu akaingia ndani, nikasikia zipu ya begi lake. Alisema ataondoka Alhamisi, siku tatu kabla ya Noeli. Nilijaribu kumwambia kuna miti mingine, kuna watu wanaouza miche. Akajibu kwamba sharti ni sharti.

Jumatano mchana tulikuwa tunakula, hakuna aliyekuwa na hamu ya kula, simu ya Ndizeye ikalia. Ilikuwa ni Concessa. Huyo hahitaji simu, akipiga kelele kule Butare tunaweza kumsikia huku bondeni.

"Ndizeye, ulinipatia nini?" alifoka. "Kwenye zile fito iko moja ya ajabu! Maharage inakataa kuipanda, inateleza! Na sasa inatoa majani na maua kichwani sawa bibi arusi! Uje uone, mbele bantu baseme niko narogea shamba yangu!"

Mama aliweka kijiko chini.

"Hayo maua iko na rangi gani?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mwanamke anayesafiri kesho.

"Nani huyo? Koko? Iko nyeupe, na njano katikati. Na inanukia, Koko! Nimeshindwa kuvuna, nasimama tu nanusa!"

Lazima nieleze jambo la watu wa Butare. Kule milimani maharage yao ni yale yanayopanda, na kila shina linataka ufito wake, na fito ni haba. Mtu wa kule hawezi kupita kijiti kilichonyooka akakiacha. Concessa akija kwetu, kabla hajamaliza salamu macho yake yameshazunguka nyuma ya jiko. Rundo la mikaratusi alikuwa amepewa na kaka yake kwa ridhaa. Tawi la mama lilikuwa limeegemea palepale, nene kidogo lakini limenyooka. Akalifunga pamoja na zile fito, akapanda nalo mlima.

Hatukumaliza kula. Tulikodi pikipiki mbili, mama kwenye ya mbele, begi lake limebaki kitandani. Shamba la Concessa liko kwenye mteremko wa mawe ambako maji ya mvua hayakai hata dakika tano. Maharage yalikuwa yamekauka tayari kuvunwa, na katikati ya safu za fito zilizozongwa na mashina ya maharage, ulisimama ufito mmoja mtupu, una majani sita ya kijani juu, na kichala cha maua. Matatu yalikuwa yamefunguka. Upepo ulipogeuka, harufu ile ikatufikia kabla hatujafika sisi. Nikawa mtoto tena, nipo mlangoni Bukavu, nina maua kwenye nywele.

Mama alipiga vigelegele. Alikwenda kati ya maharage akichezesha mabega, akaushika mti kwa mikono miwili, akaunusa, akaucheka, akatuita tuunuse na sisi, mpaka wale vijana wa pikipiki wakaacha pikipiki zao wakaja kunusa.

"Nani aliunyeshesha?" aliuliza.

"Nani ataninyesheshea fito, Koko?" Concessa alishangaa. "Nilichomeka, nikaenda zangu."

Mama alinitazama. Nilikuwa nafurahi na naaibika kwa wakati mmoja, na nilikuwa naogopa kuuliza swali langu, lakini niliuliza.

"Maman, sharti?"

"Nilisema ikishika," alijibu. "Sikusema ikishika kwa nani. Mi nabaki."

Ningerukaruka, ila Concessa alinitangulia. Alimpa mama kikapu, bila hata kufikiri, kwa kuwa kwake kila mwenye mikono hufanya kazi. "Basi Koko, kama unabaki, tuvune. Shika ile safu." Na mama akaikunja kanga yake, akaanza kung'oa mashina ya maharage kwa kasi ambayo sijaiona tangu anilete duniani.

"Maman, acha!" nilipiga kelele. "Keti, jua kali, mgongo..."

Aligeuka na shina la maharage mkononi.

"Gaudiose. Bakubwa basemaga nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mi niko kwako miezi tatu. Jembe yangu iko wapi?"

Nilihesabu miezi kwa vidole.

"Siku nilikuya, nilikuwa na nguvu ya kukata muti," aliendelea, wala hakukasirika. "Weye uliniweka kwenye kiti, ukaninyeshesha chai. Unazani nilikuwa nataka kurudi sababu ya maua? Bukavu nilikuwa nafagia lupango yangu mbele ya mulango, nauza ndizi, nagombana na bantu. Mwana wangu, nilikuwa naoza."

Nililia tena, mara ya pili wiki hiyo, na safari hii nililia huku nacheka, maana Concessa alikuwa ananipa kikapu na mimi.

Tulivuna mpaka safu saba zikaisha. Halafu ukaja ugomvi wa mti, kwa sababu Concessa alikuwa ameshaupenda na alisema ufito ni wa aliyeuchomeka. Mama alimaliza kesi: mti ukikua, tawi la kwanza ni la Concessa, na kaka yake atamletea fito ishirini mpya za mikaratusi. Tukaung'oa polepole na udongo wake na mawe yake. Mama akaukumbatia kwenye pikipiki mpaka nyumbani, ua moja limebaki, amelichomeka nyuma ya sikio.

Aliupanda mwenyewe, kwenye kokoto kando ya ukuta, mbali na jiko na mbali na mimi. Kidumu changu alikificha, na sijakitafuta.

Baada ya Noeli mpunga wangu ulianza kuinamisha vichwa, na ndege wakashuka kwa mamia. Alfajiri ya tarehe ishirini na saba nilimpa mama kombeo, debe bovu na fimbo ya kulipigia, nikamwambia shamba la kuanzia mfereji mpaka kwa jirani yetu Kayitare ni lake kuamia, na ndege wakila ni yeye nitakayemuuliza. Hakusema aksanti. Alivaa viatu.

Saa nne nilikuwa kwenye shamba la pili, lenye mpunga mchanga, matope magotini, nikamsikia. Sauti yake ilivuka maji yote ya Bugarama, anawatukana ndege kwa Kiswahili cha Bukavu, anawatajia mama zao na bibi zao, na wanawake wa mashamba yote walikuwa wameinuka wanacheka. Nilichungulia. Alikuwa juani, amesimama, hana kiti.

Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwenye mwavuli wangu uliokuwa ukingoni, nimpelekee kivuli. Nikaurudisha kwenye matope, nikaendelea kupalilia.