Gari Lisilo na Rejeta

Kwa miezi minne gari lile lilikaa kwenye kona ya yadi ya Gatimu, pale Machakos, na hakuna mteja aliyelitazama zaidi ya dakika tano. Lilikuwa dogo, halina milango wala paa, na magurudumu yalilinyanyua juu kama mtu anayevuka mto ameshika sketi. Nyuma palikuwa na sehemu pana ya mizigo.

Mbithe alipoliona alilitamani papo hapo. Alikuwa na kitalu cha miche ya avokado kule Iveti, na wateja wake walilima kwenye miteremko ambako pikapu ya kawaida haifiki, na boda boda humwaga nusu ya mzigo. Ila alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na saba kabla ya kustaafu, na hakuwa mtu wa kununua kitu asichokijua.

"Hii gari imetengenezwa wapi?" akauliza.

"Uingereza, mama. Ya jeshi," Gatimu akajibu bila kusita. Alikuwa amelipata kwenye mnada wa mali ya mkulima mmoja wa Yatta, marehemu, na hata yeye hakujua ni nini.

Mbithe akainama mbele, akachungulia. "Rejeta iko wapi?"

"Iliibiwa. Ndio maana ninakufanyia bei ya chini."

"Na huyo mwizi aliiba mashimo ya bolti pia?"

Gatimu akaja kuangalia. Kweli, hapakuwa na shimo, wala dalili ya mpira wa maji. Mbithe akazunguka nyuma, akakuta injini imejificha chini ya sehemu ya mizigo, ya silinda mbili tu, ikipozwa na upepo kama ya pikipiki. Akaomba thina na kitambaa, akaanza kusugua kibati kidogo kilichofunikwa na rangi ya miaka mingi. Herufi zikatoka moja moja: GRAZ, kisha AUSTRI, na mwisho wake umeliwa na kutu.

"Australia," Gatimu akasema, ameridhika.

"Australia baada ya R ni A. Hapa ni I."

Gatimu akalitamka neno polepole, akihesabu herufi kwa vidole.

Jioni ile Mbithe akatafuta kwenye simu hadi akapata picha yake. Ilikuwa Haflinger, kutoka Austria, iliyoundwa kwa ajili ya kupanda milima na kupewa jina la farasi wadogo wa huko. Ya mwisho ilitoka kiwandani zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Lakini picha haikumwambia hii iliyokuwa yadini ilipitia mikono ya nani. Akatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Asubuhi akajibiwa: muulize Mzee Aloys wa Masii, alikuwa dereva wa padre aliyekuwa na gari kama hilo.

Aloys alifika yadini amevaa koti zito juani. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Aliliangalia gari kwa muda, akavua kofia.

"Ni yeye," akasema. "Mwaitu, mama, lala chini uangalie lile bomba kubwa la katikati. Karibu na mbele kuna weldi."

Mbithe akatandika gunia, akaingia chini. Gatimu akaanza kukohoa, maana aliona mauzo yake yakiyeyuka.

"Iko," Mbithe akaita. "Imeshika vizuri. Ilipatwa na nini, mzee?"

"Ilipinduka kwenye shimo mwaka wa sabini na tisa. Padre nilimwambia breki zilikataa." Akaikunja kofia mikononi. "Breki zilikuwa sawa. Nilikuwa nafundisha mke wangu Kavata kuendesha. Kavata alicheka mpaka akashindwa kutoka kwa shimo. Padre akaiuza huko Yatta, akarudi kwao Ulaya bila kujua, na Kavata naye alituacha mwaka juzi. Sijawahi kuambia mtu."

Mbithe akatoka chini, akajipangusa vumbi. Akamshika yule mzee mkono.

"Kuna kasoro ingine ninafaa kujua?"

"Hapana. Baada ya hapo tuliiendesha vizuri sana."

"Basi nimeichukua," akamwambia Gatimu. "Gari ambayo najua ilivunjika wapi sina shida nayo."

Gatimu akatoa karatasi ya mauziano, akamwomba amtajie jina la gari herufi kwa herufi.

Alhamisi Mbithe akapakia miche mia moja na hamsini, Aloys akiwa kando yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya mteremko magurudumu ya nyuma yakaanza kuteleza, na Mbithe akakanyaga mafuta.

"Wacha mafuta," Aloys akasema. Akanyoosha mkono kwenye vyuma vilivyosimama kati ya viti, akavuta kimoja, na magurudumu ya mbele nayo yakaanza kuvuta. "Sasa, pole pole."

Gari likatulia, likashika matope, likapanda likinguruma kama mashine ya kusaga. Wanawake waliokuwa wakilima wakanyoosha migongo kulitazama. Aloys akawapungia mkono.