Makaa Kichwani pa Ndululu

Vumbi la Matinyani huamka kabla ya watu. Hujinyoosha juu ya mto usio na maji, likapakwa dhahabu na jua changa, kisha likatua: juu ya majani, juu ya punda, juu ya kope za wanawake wanaoshuka na mitungi. Mto umekauka, lakini haujafa. Chini ya mchanga maji yamelala, kama Neno lililolala ndani ya moyo mkavu. Anayeyataka na apige magoti, achimbe.

Mbula alipiga magoti, akachimba. Kisima chake kikatoa maji, machache, matamu, naye akakizungushia matawi ya miba. Ni kwa sababu ya mbuzi, alisema. Mbuzi walijua, na mwenye mbuzi alijua.

Kitendawili! Tega. Mlango wangu hauna kufuli, na jirani hapiti. Ni miba.

Mwenye mbuzi alikuwa Ndululu, wa ng'ambo ya mto. Msimu uliopita mbuzi wake waliingia kwa Mbula wakala ndengu zikiwa na maua, wakala hata kamba ya ua. Na Ndululu, badala ya kusema pole, alimwambia Mbula nje ya kanisa, watu wote wakisikia: "Mama Kiilu, mbuzi wangu hawakwenda shule. Watajuaje kwamba hapo ni kwako?" Watu wakacheka. Mbula naye akacheka, meno nje, moyo ndani ukisaga kokoto.

Sasa kisima cha Ndululu kimegonga mwamba. Amechimba hapa, mwamba. Amechimba pale, mwamba. Na wiki hiyo hiyo, oneni mambo, Beth wa ushirika wa akina mama akawatumia wenzake, Mbula akiwemo, kwa simu mstari wa Biblia wa kuishi nao mpaka Jumapili: adui yako akiwa na kiu, mpe maji, ukifanya hivyo utampalia makaa ya moto kichwani.

Kuna mistari inayokufunika kama leso wakati wa baridi. Na kuna mistari inayoingia kama mwiba wa kisigino: haikuui, lakini kila ukikanyaga unaikumbuka.

Mbula aliupokea ule mstari kama kitendawili, na kitendawili kikikushinda hulipiwa mji. Asubuhi, akiteka maji, Neno likamtega. Akasema: chukua Makindu. Jioni, akipepeta mtama, likamtega tena. Akasema: basi chukua Kiboko, na mashamba yake yote. Kesho yake akatoa Kitui na soko lake. Ukitoa miji isiyo yako, mkono hauumi. Lakini miji nayo huisha. Ukabaki mmoja tu, mdogo, wenye mlango wa miba.

"Haya," Mbula akamwambia Mungu, maana huongea naye kama mtu aliyeketi hapo jikoni. "Maji nitampa. Lakini na yale makaa niyaone."

Hayo makaa ndiyo aliyoyapenda, tusidanganyane.

Ndululu akashuka na mtungi mtupu, macho chini, akipita kando kuelekea kule mbali mto unakopinda. Mbula akavuta miba kando. Ikamchoma kidole, hakuijali.

"Mama Mulei! Wapita wapi, na maji yako hapa?"

Ndululu akasimama. "Hapo ni kwako."

"Ni kwangu, ndiyo maana nakuita. Ama na wewe hukwenda shule?"

Kisha Ndululu akaja, akapiga magoti, akapokea kata, akanywa. Akanywa kama ardhi inavyokunywa. Kitambaa kikamteleza. Mbula akakitazama kichwa kile, akingoja moshi.

Hakukuwa na moshi. Kulikuwa na mvi, nyingi, ambazo kitambaa kilikuwa kikizificha, na juu yake vumbi jeupe, jepesi, kama majivu. Kumbe moto ulishapita hapo. Uliwaka, ukala, ukazimika, na Mbula, jirani wa ng'ambo, hakujua.

Mbula akalowesha kiganja, akampangusa vumbi lile taratibu, kama anavyooshwa mtoto. Ndipo joto likapanda usoni, usoni pake mwenyewe, likafika mpaka utosini. Ala, akawaza, kumbe makaa yamekuja huku!

"Zile ndengu," Ndululu akasema, akiyatazama maji. "Nilifanya mzaha kwa sababu niliona haya. Pole, Mama Kiilu."

"Zilikuwa tamu lakini?"

"Waulize mbuzi."

Wakacheka, safari hii meno na moyo pamoja, mpaka punda akageuza masikio. Ndululu akajaza mtungi. Kisima kikashuka; wakakaa, wakingoja; na kutoka chini ya mchanga maji yakaanza kupanda tena, polepole, bila kuitwa.

Jua lilipokaza, vumbi likaondoka likapita juu ya mto mzima. Lakini mdomoni mwa kisima cha Mbula halikuinuka. Mchanga wa pale ulikuwa umelowa, una alama za magoti ya watu wawili, na mwanga umetua ndani yake ukatulia.